Torino, Perugia au Napoli? Ulinganisho kwa anayekwenda kusoma Italia na anataka kuishi kama wenyeji

Barua ya kukubaliwa chuoni inakutajia kozi, ada na tarehe ya kuripoti. Haikwambii utaamkia mtaa wa namna gani, nyanya utanunua kwa nani, wala kama jirani wa ghorofa ya pili ni mtu wa kuitikia salamu. Ukiwa bado Dodoma au Eldoret mambo hayo yanaonekana madogo, lakini ndiyo yatakayoamua kama miaka yako Italia utaiishi au utaipitisha chumbani na simu mkononi.

Nimemwandikia mtu aliyepata nafasi zaidi ya moja, au anayejaza fomu na kozi anayoitaka inapatikana katika miji kadhaa. Nimechukua miji mitatu yenye vyuo vikongwe na tabia zisizofanana kabisa: Torino kaskazini, karibu na milima ya Alpi, Perugia juu ya kilima katikati ya nchi, na Napoli kusini, kando ya bahari. Venezia na katikati ya Firenze nimeziacha makusudi. Ni miji ya ajabu kuitazama, ila watalii wamejaa hata ukianza sentensi kwa Kiitaliano unajibiwa kwa Kiingereza, na wenyeji wengi wamehamia pembezoni. Bologna nayo ni mji mtamu wa wanafunzi, lakini vyumba vimekuwa adimu na ghali mno, na sitaki kumtia mgeni wa mwaka wa kwanza katika mtihani huo.

Vigezo

Napima mambo matano. Kwanza lugha: utalazimika kuongea Kiitaliano kiasi gani kwa siku, na watu watakuvumilia vipi unapokosea. Pili chakula, soko na kahawa, kwa sababu huko ndiko Waitaliano wanakoishi kweli. Tatu chumba na fedha. Nne jioni, yaani watu wanakutana wapi na mgeni anaingiaje. Tano hali ya Mwafrika, pamoja na mambo ya ibada na nyama halali. Ubora wa vitivo sijaupima. Hilo kila mtu alitazame kwa kozi yake.

Yaliyo sawa popote utakapokwenda

Baa ya Kiitaliano hufunguliwa alfajiri na kazi yake kubwa ni kahawa. Unakunywa ukiwa umesimama kaunta, dakika mbili tatu, kwa euro moja na senti kadhaa. Ukikaa mezani bei inaweza kupanda, hasa kwenye uwanja mkuu wa mji. Katika baa nyingi zenye shughuli unalipa kwanza kwa keshia, unapewa risiti, ndipo unampelekea anayetengeneza kahawa. Cappuccino ni ya asubuhi. Baada ya chakula cha mchana watu hunywa kahawa tupu.

Ukiingia dukani unasalimu kabla ya kuuliza bei, jambo ambalo mtu aliyelelewa kwetu hahitaji kufundishwa. Sokoni usibinyebinye matunda, mwachie muuzaji akuchagulie. Jibini hukatwa kwa kipimo kiitwacho etto, yaani gramu 100. Chakula cha mchana ni kati ya saa 6:30 na saa 8:30, cha usiku kuanzia saa 2, na kusini hata saa 3. Tarehe 15 Agosti ni sikukuu ya Ferragosto, na wiki zinazoizunguka miji hubaki mitupu, maduka yakiwa yamefungwa.

Karatasi nazo ni zilezile. Ndani ya siku 8 za kazi tangu ufike, unatakiwa kuomba kibali cha kukaa, na maombi hupitia posta. Kibali cha masomo kinaruhusu kazi isiyozidi saa 20 kwa wiki.

Lugha

Kama Kiitaliano chako ni sifuri, Perugia ina jambo ambalo miji mingine miwili haina. Kuna chuo kikuu kilichoanzishwa kwa ajili ya wageni, Università per Stranieri, ambacho kozi zake zilianza mwaka 1921 na makao yake ni jumba la Palazzo Gallenga. Unaanza na kujitambulisha, unapanda hatua kwa hatua, na mtihani wao wa CELI unatambuliwa na vyuo vya nchi nzima. Karibu na chuo hicho kipo Chuo Kikuu cha Perugia chenyewe, cha tangu 1308. Baada ya miaka 100 ya kupokea wageni wanaobabaika, mji mzima umekuwa na subira. Muuza mkate atakusubiri umalize sentensi yako. Hatari yake ni kwamba darasani na bwenini utazungukwa na wageni wenzako, na usipojihadhari miezi mitatu itapita mkiongea Kiingereza kibovu ninyi kwa ninyi.

Torino watu huongea Kiitaliano kilichonyooka, cha vitabuni karibu. Kipiemonte, lugha ya asili ya mkoa, kimebaki zaidi kwa wazee. Sikio lako litafurahi. Tatizo ni kwamba Politecnico, chuo cha uhandisi na usanifu, na Chuo Kikuu cha Torino vina shahada kadhaa zinazofundishwa kwa Kiingereza, na nimeona watu wakimaliza uzamili wa miaka miwili bila kuweza kumweleza fundi kwamba bomba linavuja. Mji hautakulazimisha kujifunza, lazima ujilazimishe mwenyewe.

Napoli ni kinyume. Kinapoli ni lugha hai kabisa, inaongewa na mtoto wa mtaani na wakili wa mahakamani. Kiitaliano chako cha darasani wataelewa. Majibu yao ndiyo utakayoyakosa. Lakini hakuna mji Italia ambako mgeni anaongeleshwa kama Napoli. Muuza samaki, bibi aliye dirishani, mtu uliyesimama naye foleni, wote watakuuliza unatoka wapi, umekula nini na mama yako hajambo. Mwenye masikio na asiyeona haya hujifunza upesi. Aliye mkimya, au anayetaka kuelewa kila neno kabla hajafungua mdomo, atateseka miezi ya mwanzo.

Na kuna siri moja ya Napoli ambayo Mswahili anapaswa kuijua. Chuo kikuu cha L'Orientale, chenye mizizi katika shule iliyofunguliwa 1732 kwa ajili ya vijana wa Kichina, kimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi. Maana yake ni kwamba katikati ya mji, pale Largo San Giovanni Maggiore, utakuta wanafunzi wa Kiitaliano wanaotafuta mtu wa kuongea naye Kiswahili. Saa moja ya lugha yako kwa saa moja ya lugha yao ni mwalimu wa bure na pengine rafiki wa kudumu. Urafiki wa namna hiyo unaanza mkiwa sawa, kila mmoja anamhitaji mwenzake, na hilo ni jambo kubwa kwa mtu aliye ugenini.

Neno kwa wanaotoka Malindi, Watamu au Unguja, ambao Kiitaliano wamekipata ufukweni na hotelini. Mnaanza mkiwa mbele ya wote. Ila Kiitaliano cha ufukweni kinamwita kila mtu "tu", yaani "wewe" ya kirafiki. Mbele ya profesa, karani na mzee mwenye nyumba tumia "Lei", "wewe" ya heshima, hata kama itakukwaza mdomoni mwanzoni. Napoli watakusamehe haraka, Torino wataona.

Chakula, soko na kahawa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu Mwitaliano anakujua kwa kula nawe.

Torino ina Porta Palazzo, soko la wazi katika Piazza della Repubblica, miongoni mwa makubwa kabisa Ulaya. Siku za kazi ni asubuhi hadi mchana, Jumamosi ni kutwa. Chini ya paa la chuma la wakulima utakuta watu wa vijiji vya Piemonte na mboga walizovuna wenyewe. Hatua chache kando utasikia Kiarabu, Kiromania, Kichina na Kiingereza cha Wanigeria. Ndizi za kupika na viazi vikuu vinapatikana katika maduka ya jirani. Ukichelewa hadi wakati wa kufunga, bei hushuka. Jumamosi hiyohiyo, nyuma yake, kuna Balon, gulio la mitumba na vitu vya kale, ambako mwanafunzi hununua sufuria, taa na koti la baridi.

Meza ya Torino ni ya nchi ya baridi: agnolotti, ambazo ni tambi zilizojazwa nyama, bagna cauda, mchuzi wa kitunguu saumu, dagaa wa chumvi na mafuta, ambao watu huuzunguka pamoja wakichovya mboga, na gianduja, chokoleti iliyosagwa na hazelinati. Kuna pia bicerin, kahawa, chokoleti na krimu zikiwa tabaka tabaka katika glasi ndogo. Mgahawa wenye jina hilo upo tangu 1763. Saa moja jioni mji mzima unakwenda aperitivo: unanunua kinywaji kimoja na unaletewa vitu vya kutafuna. Asiyekunywa pombe aagize kinywaji cha "analcolico", hakuna atakayemshangaa.

Perugia chakula ni cha mashambani na hakina makeke. Mkate hautiwi chumvi, na wiki ya kwanza utaona umekosewa. Wenyeji huula na nyama za kukaushwa zenye chumvi kali. Asiyekula nguruwe aumiminie mafuta mapya ya zeituni. Mafuta hayo hukamuliwa Oktoba na Novemba, ya kijani, yakiwasha kooni, na ukimpata rafiki mwenye shamba la mizeituni nenda naye kuvuna hata kwa siku moja. Kuna torta al testo, mkate bapa unaopikwa juu ya bamba la moto na kujazwa mboga, jibini au soseji. Kuna chokoleti za Perugina, kampuni iliyoanzishwa hapo 1907. Soko kubwa la wiki ni la Jumamosi, Pian di Massiano, chini ya kilima. Na vijiji vya Umbria, mkoa ulipo Perugia, vina sagra, sherehe za chakula ambapo watu hukaa kwenye mabenchi marefu na kula kitu kimoja kilichopikwa na akina mama wa kijiji. Kwangu mimi sagra moja inafundisha Italia kuliko ziara ya makumbusho kumi, kwa sababu pale huwezi kukaa peke yako hata ukitaka.

Napoli sasa. Kahawa inakuja katika kikombe cha moto na glasi ya maji, ambayo hunywewa kwanza ili kusafisha mdomo. Ipo desturi ya caffè sospeso: mtu anakunywa kahawa moja, analipia mbili, ya pili inamsubiri asiyekuwa na pesa. Ufundi wa mpika pizza wa Napoli uliingizwa na UNESCO mwaka 2017 katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika, na bado mwanafunzi anaweza kushiba mtaani kwa pizza a portafoglio, iliyokunjwa ikawa robo na kuliwa kwa mkono, kwa euro mbili hivi. Sokoni Pignasecca na Porta Nolana kuna samaki, pweza, kome na kelele ambazo mtu wa Mombasa au Tanga atazitambua mara moja. Jumapili nyumba zinanukia ragù, mchuzi wa nyama na nyanya uliokaa motoni tangu asubuhi na mapema. Mwanafunzi mwenzako akikualika kwao siku hiyo, usikatae na usile chochote kabla.

Angalizo kwa Waislamu: Napoli mafuta ya nguruwe, strutto, huingia mahali usipotegemea, kama taralli, vibiskuti vya chumvi vyenye pilipili manga, na baadhi ya mikate ya Pasaka. Uliza. Hakuna anayekasirika.

Chumba na fedha

Kila mmoja wa mikoa hii mitatu una shirika lake la kusaidia wanafunzi: EDISU Piemonte kwa Torino, ADiSU kwa Umbria, ADISURC kwa Campania ambako Napoli ipo. Wote hutoa ufadhili, nafasi za bweni na chakula cha kantini, iitwayo mensa, kwa kutazama kipato cha familia. Mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa kuomba. Anatakiwa kuleta hati za kipato na mali za familia kutoka nyumbani, zikiwa zimetafsiriwa na kuthibitishwa, na kazi hiyo ianze kabla hujapanda ndege, maana kuifanya kwa mbali ni mateso. Masharti na tarehe hutofautiana mkoa kwa mkoa na mwaka kwa mwaka, kwa hiyo soma tangazo la mkoa wenyewe. Pia jua kwamba fedha haziji mwanzoni. Awamu ya kwanza huingia miezi kadhaa baada ya masomo kuanza, hivyo uwe na akiba.

Jambo ambalo huwagharimu wageni wengi ni mkataba wa chumba. Ili uhesabiwe kuwa unaishi mbali na kwenu na upate ufadhili mkubwa zaidi, unahitaji mkataba uliosajiliwa serikalini. Mwenye nyumba anayetaka pesa taslimu bila karatasi anaweza kukuonyesha bei nzuri, na mwisho wa mwaka ukawa umepoteza zaidi ya ulichookoa. Amana nayo huwa ya kodi ya miezi miwili au mitatu, kote.

Kwa kodi Perugia ndiyo nafuu kuliko yote mitatu. Wanafunzi wengi hukaa Elce, karibu na chuo. Mitaa ya Fontivegge, karibu na stesheni, ni rahisi zaidi lakini usiku haina sifa nzuri. Nyumba za mawe za mji wa juu ni nzuri kwa macho. Kagua ukungu ukutani na uulize joto la majira ya baridi linatoka wapi.

Torino ni mji mkubwa wenye bei za katikati, chini ya Milano kwa mbali. San Salvario na Vanchiglia zina wanafunzi na baa, Crocetta iko karibu na Politecnico na ni ya wenye uwezo, Aurora na Barriera di Milano ni rahisi na zina wahamiaji wengi. Swali la Torino ni moja: bei ya kupasha nyumba joto imo ndani ya kodi? Kuanzia Novemba baridi si ya mchezo, na bili yake inaweza kukuvuruga bajeti.

Napoli mtu hutegemea bei za kusini, kisha anashtuka. Katikati ya mji wa kale vyumba vingi vimegeuzwa vya watalii na kodi zimepanda. Vyumba vya chini vinavyofunguka moja kwa moja barabarani, vinavyoitwa bassi, vina bei ndogo, ila mwanga hafifu na unyevu mwingi. Vomero, juu kilimani, ni tulivu na ghali zaidi. Fuorigrotta iko karibu na kitivo cha uhandisi cha Chuo Kikuu cha Federico II, lakini eneo hilo na Bagnoli liko upande wa Campi Flegrei, eneo la volkano, ambako ardhi inapanda na kutetemeka mara kwa mara. Wenyeji wanaishi nayo; wewe ulijue kabla ya kusaini. Kinachorudisha faida Napoli ni chakula, kwa sababu kula vizuri kwa pesa kidogo ni rahisi kuliko miji hiyo mingine.

Jioni, na namna mgeni anavyoingia

Perugia jioni ina mtaa mmoja: Corso Vannucci. Watu wanautembea kwenda na kurudi, wanasimama, wanaongea, wanakaa kwenye ngazi za kanisa kuu mkabala na Fontana Maggiore, chemchemi ya karne ya 13. Kukaa hapo hakuhitaji hata senti. Kwa kuwa mji ni mdogo, baada ya mwezi mmoja unafahamiana na nusu ya watu wa rika lako. Kutoka bondeni unapandishwa na ngazi za umeme zinazopita ndani ya ngome ya kale ya Rocca Paolina, au na Minimetrò, kigari kisicho na dereva. Aprili kuna tamasha la uandishi wa habari ambalo kuingia ni bure, Julai kuna Umbria Jazz. Lakini Ijumaa mchana wanafunzi wa Kiitaliano hubeba masanduku na kwenda kwao, na Jumapili za Februari kilimani hapo ni ndefu kweli.

Torino si mji wa kukukumbatia siku ya kwanza. Waitaliano wengine huwasema watu wake kwamba ni wapole usoni na wagumu moyoni. Mimi naona ni wasiri tu: watakusalimu kwa adabu miezi minne, wa tano wakakualika nyumbani, na baada ya hapo hawakuachi. Njia ya kuingia ni kujiunga na kitu chenye ratiba, kama kwaya, timu ya mpira au kikundi cha kupanda milima. Kilomita zipatazo 18 za barabara zake zina vibaraza vilivyoezekwa, kwa hiyo matembezi ya jioni hayaahirishwi kwa mvua. Familia nyingi asili yake ni mikoa ya kusini, Puglia, Calabria na Sicilia, zilizohamia enzi za viwanda vya magari vya FIAT, na ukikaa kwenye jengo la familia hizo utaona kusini na kaskazini kwa pamoja. Mpira una nyumba mbili. Usimfikirie kila mtu kuwa Juventus. Mashabiki wa Torino kila tarehe 4 Mei hupanda kilima cha Superga kuwakumbuka wachezaji waliokufa kwenye ajali ya ndege mwaka 1949, na aliyepanda nao mara moja ataelewa kwa nini mji huu una huzuni yake.

Napoli jioni haina mwanzo wala mwisho. Piazza Bellini imejaa wanafunzi, barabara ya ufukweni imejaa familia, na pikipiki zinapita pale unapodhani ni mahali pa miguu. Timu ni moja, na ubingwa wa 2023 na wa 2025 bado unaonekana kwenye kuta, sambamba na picha za Maradona. Tarehe 19 Septemba watu hujaa kanisa kuu kusubiri damu ya Mtakatifu Gennaro iyeyuke, na anayesimama kando kwa heshima anakaribishwa. Ukarimu huu una gharama yake: usingizi. Anayehitaji kimya ili asome achague mtaa kwa makini au ategemee maktaba. Treni za kwenda vitongojini huchelewa, na simu usiishike ovyo barabarani.

Kuwa Mwafrika, kusali, kula halali

Wanaoongea Kiswahili ni wachache katika miji yote mitatu. Waafrika utakaokutana nao wengi watakuwa wa Nigeria, Senegal, Ghana au Moroko. Ubaguzi upo, na mara nyingi unajitokeza kwenye kutafuta chumba: kwenye simu nafasi ipo, ukifika imeshachukuliwa. Kwenda na mwenzako Mwitaliano, au kupitia ofisi ya chuo, hupunguza safari za bure.

Torino ina uhusiano wa zamani na Afrika Mashariki ambao wengi hawauoni hadi wafike. Jina la Consolata, ambalo watu wa Nyeri na Iringa wanalijua tangu utotoni kwa shule na hospitali, ni la kanisa lililo katikati ya Torino, mkabala na mgahawa ule wa bicerin. Aliyekuwa mkuu wa kanisa hilo, Giuseppe Allamano, alianzisha shirika la wamisionari mwaka 1901, wa kwanza wakafika Kenya 1902, naye alitangazwa mtakatifu Oktoba 2024. Tarehe 20 Juni kuna maandamano ya Mama Consolata, na kuna mapadre na masista waliokaa kwetu miaka mingi. Ukiwasalimu kwa Kiswahili utaitikiwa. Kwa Mwislamu Torino ina bucha za halali kuzunguka Porta Palazzo; Napoli zipo upande wa Piazza Garibaldi; Perugia chaguo ni chache, ingawa waumini wapo.

Uchague kwa hali yako

Kama huna Kiitaliano na unataka kuanza shahada inayofundishwa kwa lugha hiyo, anza Perugia. Hata ukiwa na nafasi Torino au Napoli, miezi mitatu ya kozi ya lugha kilimani, kabla ya kuhamia huko, ni matumizi mazuri ya akiba kama unayo. Perugia inamfaa pia mwenye bajeti finyu, mwenye watoto, na anayechoshwa na miji mikubwa.

Kama kozi yako ni ya uhandisi, usanifu au uchumi kwa Kiingereza, na unahitaji usafiri unaofika kwa wakati, Torino itakuhudumia. Lipa gharama ya kujiunga na kikundi cha wenyeji wiki ya kwanza, kabla ya kununua hata zulia la chumba. Inamfaa mtu mtulivu, anayevumilia baridi na anayejenga urafiki polepole. Kwa aliyekulia katika parokia za Consolata, mlango mmoja tayari uko wazi.

Kama unasoma lugha, fasihi, historia au masomo ya Afrika, au umezaliwa pwani na huwezi kuishi bila bahari na samaki, Napoli iwe ya kwanza kwenye fomu yako. Inamfaa anayependa watu na asiyebabaishwa na vurugu. Haimfai mwenye usingizi mwepesi, na mwenye mitihani migumu ya mwaka wa kwanza ajiulize mara mbili.

Aliyepata ufadhili mji mmoja tu aende huko bila kusitasita, kisha atafute chumba umbali wa kutembea kwa miguu kutoka soko la mtaa, hata kama chuo kitakuwa mbali kwa basi. Chuoni utafika kwa ratiba. Sokoni utakwenda kila baada ya siku mbili, na muuzaji wa nyanya ataanza kukuuliza mitihani imekwendaje.